Viza kwanza, tiketi baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na mawakala wa safari wa hapa Mombasa, na pia wasomaji wenzangu wanaotaka kusafiri mbali.

Mimi ni mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kuendesha kreni bandarini Kilindini, nikipakua makontena ya meli zilizotoka Singapore, Colombo, Jebel Ali na Rotterdam. Bandari hizo nilizijua kwa majina tu. Mke wangu ni fundi wa cherehani hapa Kuze, na tangu watoto wakiwa wadogo tuliwekeana ahadi kwamba wakishajitegemea tutaizunguka dunia sisi wawili. Sasa wameoa na kuolewa, akiba ipo, na Mungu akipenda tunataka kuondoka Aprili upepo wa kusi ukianza, turudi na kaskazi kabla ya Ramadhani.

Katika ofisi ya kwanza tuliyoingia kuulizia tiketi, kijana aliyetupokea hakutaka hata kuziona pasipoti zetu. Alifungua kompyuta, akaipanga miji, akatutajia bei na kututaka tulipe nusu siku hiyo hiyo kwa kuwa kesho ingepanda. Mke wangu akamuuliza habari ya viza. Akajibu, "Hizo zitakuja tu, mama. Kazi ni tiketi." Tukamshukuru, tukatoka. Nina jirani aliyejibiwa maneno kama hayo mahali pengine, naye akalipa. Viza ikakataliwa, na tiketi yake ilikuwa ya aina ambayo pesa hazirudi. Zilikuwa pesa za kiwanja alichokiuza Mtwapa.

Wakala anayemwambia mteja hivyo ama haijui kazi yake, ama anaijua na ameamua kunyamaza. Marekani yenyewe huwashauri waombaji waziwazi wasinunue tiketi kabla ya kupata viza. Kwa nchi 29 za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, kinachotakiwa ni kuonyesha mpango wa safari na nafasi uliyoshikiwa kwenye ndege. Si lazima tiketi iwe imelipiwa. Tena ada za viza hazirudishwi ukikataliwa: euro 90 kwa mtu mzima upande wa Schengen, dola 185 upande wa Marekani. Na sisi wa pwani tuna gharama ya juu yake, kwani usaili wa Marekani uko Gigiri, Nairobi. Ni treni kutoka Miritini, ni mahali pa kulala, ni kurudi. Mtu akishatumia hizo zote, kisha apoteze na tiketi, ameumizwa mara mbili.

Lakini uzito wa jambo hili uko kwenye tarehe, na hapa naomba wasomaji wanivumilie.

Ukiitazama ramani peke yake, Mombasa inakuelekeza mashariki. India iko ng'ambo ya bahari yetu, mbele yake Malaysia, halafu Japani, Marekani, na Ulaya mwisho. Kumbe viza ya Schengen haiombwi mapema zaidi ya miezi sita kabla ya kuanza ziara yako huko, na kwa kawaida unaiomba katika nchi unayoishi. Anayepanga kuingia Ulaya mwezi wa nane wa safari yake hawezi kuiomba kabla ya kutoka Kenya. Ndiyo maana sisi tunaanza na magharibi: Ulaya kwanza, kisha Marekani, kisha Singapore, Malaysia, na India mwisho. Japani tumeitoa kabisa. Viza yao ya kuingia mara moja hudumu miezi mitatu tu tangu itolewe, nasi kwa mpango huu tungefika huko Oktoba. Mke wangu alihuzunika, maana alitamani sana kuiona hariri inayofumwa Nishijin, Kyoto. Nami nilihuzunika pamoja naye. Lakini ni afadhali kuhuzunika sasa, tukiwa tumekaa kwetu Kuze, kuliko kuzuiwa kwenye kaunta ya ndege ugenini.

Singapore na Malaysia hazimtaki Mkenya awe na viza kwa ziara fupi. Unajaza fomu ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. India huombwa kwa mtandao. Na wako wanaodhani kubadilisha ndege tu Marekani hakuhitaji viza. Kunahitaji, hata kama hutoki nje ya uwanja.

Pasipoti ndiyo ya kutazamwa kabla ya yote. Nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita zaidi ya muda utakaokaa kwao. Safari yetu ni ya miezi tisa, kwa hiyo ilitupasa tuwe na pasipoti zenye uhai wa mwaka na robo siku ya kuondoka. Ya mke wangu ilikuwa na mwaka mmoja. Wakala angeifungua angeliona hilo kwa dakika moja. Tumeomba nyingine, na tumechagua ya kurasa 50 badala ya 34, kwani viza za kubandikwa na mihuri hula kurasa haraka.

Jambo la pili ni pepo na majira, na hili sisi watu wa pwani tumelirithi. Wazee wa majahazi hawakung'oa nanga kwa kuwa nauli ya siku hiyo ni rahisi. Waliingojea kaskazi iwalete kutoka Arabuni na India, wakaingojea kusi iwarudishe. Ndege haingoji upepo, lakini mji unaoufikia una majira yake. Kerala, jimbo la kusini mwa India, kwa mfano, masika yao makubwa ni Juni hadi Septemba. Mwenye kwenda kutembea huko Julai atakaa chumbani akiitazama mvua. Sisi tutafika Januari, kukiwa kukavu. Upande wa Atlantiki msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na vikali zaidi huja kati ya Agosti na Oktoba. Basi visiwa vya Karibi tumeviacha, na miezi hiyo tutakuwa pwani ya magharibi ya Marekani.

Kutoka San Francisco kuna ndege isiyotua njiani mpaka Singapore. Hapo utavuka mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambapo siku hubadilika: ukiondoka Jumanne usiku, unafika Alhamisi asubuhi. Jambo hili liliwashangaza mabaharia wa Magellan, wa kwanza kuizunguka dunia, mwaka 1522. Walipofika visiwa vya Cape Verde, wao kwa hesabu yao walikuwa Jumatano, wenyeji wakawaambia leo ni Alhamisi. Sisi tumechagua kuruka Jumanne makusudi ili Ijumaa isitupotee angani.

Lisbon nimeitaka mimi. Vasco da Gama aliondoka huko mwaka 1497, na mwaka 1505 Wareno wenzake waliufuata mji wetu wa Mombasa wakauteketeza. Kila siku nikienda sokoni naipita Fort Jesus waliyoanza kuijenga mwaka 1593. Nataka niuone mto Tagus, zilikotokea zile meli. Rotterdam nayo ni kwa ajili ya kreni. Naambiwa kuna gati ambako mashine hujiendesha zenyewe, na mtu aliyekaa kwenye kibanda cha juu miaka yote ile angependa kuona kwa macho yake.

Sasa mambo ya nyumbani, ambayo naona wengi huyapuuza. Hapa kwetu mtu akienda Hija hulipa madeni, huomba radhi kwa jamaa na majirani, huandika wasia, na huacha matumizi ya wanaomtegemea. Sijui ni kwa nini anayekwenda mbali zaidi na kwa muda mrefu zaidi aondoke kama anayevuka feri kwenda Likoni. Sisi tumelipa tunachodaiwa. Wasia umeandikwa. Mbele ya wakili tumetia saini hati ya kumpa binti yetu mkubwa uwezo wa kusimamia nyumba, kodi ya chumba cha chini na mambo ya benki. Laini zetu za simu tumehakikisha zitapokea ujumbe huko nje, maana benki haikuruhusu kulipa bila ile nambari inayotumwa kwa simu, na laini iliyolala muda mrefu inaweza kufungwa ikapewa mtu mwingine.

Mke wangu ana presha, kwa hivyo dawa ni suala zito kwetu. Daktari ameandika barua yenye jina halisi la kila dawa, siyo jina la kampuni, kwa kuwa jina la kampuni hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Dawa zinabaki kwenye vifurushi vyake na zitakaa kwenye mkoba wa mkononi. Anayepitia Falme za Kiarabu ajihadhari na dawa za kikohozi au maumivu zenye kodeini. Kule zinadhibitiwa na sheria. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa baada ya siku 10, kwa hivyo usiende kuchanjwa wiki ya safari. Lakini ukishachanjwa, tangu mwaka 2016 kile cheti cha manjano kinakubaliwa maisha yako yote; usikubali kutozwa pesa upya kwa kuambiwa kimepitwa na miaka 10. Na bima: Schengen hutaka isiyopungua euro 30,000 za matibabu na kurudishwa nyumbani. Kwa watu wa umri wetu, soma maandishi madogo uone kama ugonjwa ulionao tayari umo. Katika bima ya kwanza tuliyoletewa, presha haikuwemo.

Nguo ni jambo jepesi. Makoti tumeyapata Kongowea, ya mtumba na mazuri sana, na mke wangu ameyapunguza mikono. Leso mbili na kikoi haviachwi nyumbani.

Kwa mawakala ombi langu ni hili, nami nasema kwa nia njema kwa kuwa wengi wenu ni watoto wetu. Mteja akija kwa safari ya nchi nyingi, mwombeni pasipoti kabla ya kumtajia bei. Mwandikieni kwenye karatasi ni nchi zipi zinataka viza, iombwe lini, na inadumu kwa muda gani. Kwenye risiti andikeni kwa Kiswahili ni kiasi gani kitarudi viza ikikataliwa, na kiasi gani hakitarudi. Kama hujui, sema hujui, uulize ubalozini. Tulipata ofisi moja ambayo mama mwenyewe alitenga asubuhi nzima akazipitia tarehe zetu moja moja bila kutudai shilingi, na huyo ndiye atakayetuuzia tiketi viza zikitoka.

Na wewe, Mhariri, ningeomba mwandishi wako mmoja apite katika ofisi za mjini kama mteja wa kawaida, aulize safari ya Ulaya na Marekani, kisha aandike ni wangapi waliomwomba pasipoti kabla ya kumwomba pesa.

Mwendesha kreni mstaafu,
Kuze, Mombasa