Riwaya ya penzi la kwanza haijamharibu mtoto wetu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa akitaka riwaya za mapenzi za vijana ziondolewe mikononi mwa wanafunzi. Sina hakika kama ameisoma hata moja. Mimi nimeisoma, tena nguo za wateja zikiwa zimerundikana mezani.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Binti wa kaka yangu yuko kidato cha tatu, anasoma bweni, na likizo huwa anakaa kwangu. Safari hii alikuja na kitabu kilichofunikwa kwa gazeti jalada lote, nikajua kuna jambo. Nikakichukua nikikague, maana baba yake ameniachia mimi, nikidhani kurasa mbili tatu zingetosha kunipa ushahidi. Adhana ya alfajiri ilinikuta taa bado inawaka.

Kisa chenyewe si kirefu. Msichana na mvulana wa darasa moja, katika mji mdogo ambao mimi niliuona Kondoa moja kwa moja ingawa mwandishi hautaji. Mvulana anaazima rula, harudishi. Sura mbili nzima rula hairudi. Binti anajua iko wapi, kijana anajua kwamba binti anajua, na hakuna anayefungua mdomo. Asubuhi ya mtihani binti anapiga pasi sketi ile ile mara tatu, pasi ya mkaa, na mwandishi anaeleza anavyoipeleka nje kwanza akapulize majivu yasije yakadondokea kwenye marinda. Hapo ndipo aliponikamata. Huyo ameishika pasi ya mkaa, hakusimuliwa. Na yeyote aliyewahi kuwa na miaka 16 anajua marinda yale yalikuwa yananyooshwa kwa ajili ya nani. Mpaka kitabu kinaisha hawa watoto hawajabusiana. Wameshikana mikono mara moja tu, mvua za Desemba zimeanza, nayo ni kwa sababu korongo limejaa na lazima wavuke.

Hicho ndicho kinachoharibu watoto?

Tuangalie basi wanachosomeshwa darasani. Ngoswe, karani wa sensa, anapenda, na karatasi zake za kuhesabu watu zinaishia motoni. Jina la tamthilia lenyewe linasema penzi ni kitovu cha uzembe. Katika tamthilia nyingine, Kilio Chetu, vijana Joti na Suzi wanaishia kwenye mimba na UKIMWI. Sizibezi kazi hizo, na Ngoswe hunichekesha hadi leo. Ongeza vikao vya wazazi, ambako tunakumbushwa sheria ya mwaka 2016 kwamba anayempa mwanafunzi mimba anakwenda jela miaka 30. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila mtoto huyu kila akisikia mapenzi, anasikia moto, maradhi na jela. Siku moyo ukimdunda kwa sababu ya rula, atamwambia nani?

Zamani ilikuwa kazi yetu mashangazi, lakini mimi sikuwa na pa kuanzia. Ningeanzaje, katikati ya kupika ugali? Aliponiona na kitabu chake mkononi alinywea, akasubiri kugombezwa. Nikamwambia, "Huyo kijana ni mwizi, arudishe rula ya watu." Alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye, tunachambua mlenda, akasema mwenyewe: "Shangazi, na kwetu kuna mmoja kila siku anaomba daftari langu la fizikia." Nikamuuliza kama analirudisha. Analirudisha, tena limefunikwa upya. Tukaongea mpaka mboga ikaiva, na nilimweleza mengi ambayo kwenye kikao cha wazazi huwa hayasemwi.

Nakubaliana na msomaji mwenzangu kwa jambo moja. Zile simulizi zinazozagaa kwenye simu, za mambo ya chumbani tangu mstari wa kwanza, hata mimi nisingempa mtoto. Lakini kuziweka kapu moja na riwaya ya rula ni kuonea mwandishi.

Wachapishaji nao nina neno nao. Herufi ni ndogo mno, na gundi yenu haina nguvu. Kurasa zilianza kuachia nikiwa sijafika katikati, nikaushona mgongo wa kitabu kwa uzi wa kushonea mifuko. Halafu hapa Dodoma vitabu hivi havipatikani kirahisi. Maduka niliyopita yana vitabu vya kiada, madaftari na kalamu, basi. Binti alikipata kwa rafiki yake, na kinasubiriwa na wenzake bwenini.

Kama ipo sehemu ya pili, tujulisheni inauzwa wapi. Yule kijana alihamishwa shule ukurasa wa mwisho kabisa, na rula bado anayo.

Shangazi, fundi cherehani,
Majengo, Dodoma