Kwa Rukia, Likoni

Leeds, Jumapili usiku

Rukia mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Sauti uliyonitumia niliisikiza mara mbili ndani ya basi mpaka nikapitiliza kituo changu. Mama sijamwambia.

Waniuliza kaunsela mzuri, huyu wa kumweleza yaliyo moyoni, hujulikanaje. Mimi wa kwanza nilikosea. Mtu wa adabu, lakini kila nikitaja nyumbani anashangaa: mbona mshahara wako unampelekea mama yako? Kikao ni dakika 50, na siku moja zote ziliishia kumfafanulia mchango wa arusi. Nikaenda wiki sita! Namwonea haya, kama ulivyokuwa ukimwonea haya yule fundi aliyekuharibia dera. Mwisho nikamwambia hatuelewani. Hakununa hata kidogo, akanitajia mwengine.

Huyo wa pili nilimhoji mimi. Umesomea nini, umesajiliwa wapi, umewahi kukaa na mwenye tatizo kama langu? Na maneno yangu, yatatoka humu? Akasema hayatoki, ila akiona niko hatarini kujidhuru au kudhuru mtu. Angeniapia kwamba hayatoki kamwe, ningemshuku.

Ajabu ni kwamba huku Uingereza mtu yeyote aweza kubandika kibao cha kaunsela mlangoni, sheria haimkatazi. Huko Kenya sheria ya 2014 inamtaka asajiliwe, basi mwambie akuonyeshe cheti. Dawa lakini haandiki yeye, ni daktari wa akili. Ukiona usingizi bado umekupaa, anzia kwa daktari; hospitali ya Port Reitz wana kitengo cha afya ya akili, na usiogope watu watasema nini.

Ila usichukue wa hapo mtaani. Najua unamfikiria nani. Amesoma, na ana roho nzuri, lakini mtakutana kila arusi na kila hitima. Vuka feri. Na kama wataka mwanamke, au mtu utakayemlilia kwa Kiswahili, sema mapema. Mimi nalia kwa Kiingereza, machozi yanakwama.

Mpe vikao vitatu, vinne. Cha kwanza utatoka umechoka kama uliyefua mablanketi, hilo lisikutishe. Likutishe ukijikuta njiani wapanga utakachomficha. Mimi nilikuwa nikipanga tangu kituo cha basi.

Pesa ya vikao vya mwanzo nimekutilia kwenye simu. Mama akiuliza, mwambie ni ya dera la Idi.

Dadako,
Mwanaisha