Makundi ya mtaa kwenye simu yanahitaji wadhamini

Mhariri,

Mwezi uliopita bibi mmoja wa mtaani kwetu Fuoni aliomba kwenye kundi letu la WhatsApp asaidiwe pesa za dawa ya presha. Simu hana, ujumbe aliuandika mjukuu wake. Watu mia na kitu tulimo mle, na ujumbe ule ulishinda kutwa nzima bila ya hata mmoja kuujibu. Mimi niliusoma saa tatu asubuhi nikanyamaza, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Wiki tatu kabla yake lilipita ombi la mtoto wa kufanyiwa upasuaji, pamoja na picha yake amelala kitandani na namba ya kutumia pesa. Tukachanga, mwenye elfu mbili, mwenye elfu kumi, hata zikatimia shilingi laki moja na elfu themanini. Kisha mama mmoja akauliza: huyu mtoto wa nyumba gani, tukamkague? Ndipo tulipotambua kuwa hakuna anayemjua. Namba haipatikani, na aliyeleta ombi alikwishajitoa kundini. Pesa zile zilituuma, lakini aliyekuja kuzilipia ni bibi wa watu ambaye hakuwa na habari ya lolote.

Sitaki mtu aseme basi makundi haya yafungwe. Mwaka jana, saa nane za usiku, baba yangu alibanwa na kifua. Mume wangu alikuwa safarini Pemba. Niliona haya, mwanamke kuandika usiku ule kwenye kundi lenye wanaume nisiowajua, lakini baba alikuwa anatweta. Nikaandika: "Naomba gari, nina mgonjwa, geti la kijani nyuma ya msikiti." Hazikupita dakika kumi nikasikia keri, kile kigari kidogo cha mizigo, inaunguruma uchochoroni. Akashuka mwanamme na kikoi chake na fulana ya kulalia, hata salamu hakumaliza: "Dada, shika miguu, mie nashika mabega." Tukampeleka hospitali ya Mnazi Mmoja. Asubuhi, tumekaa kwenye benchi tunasubiri majibu, ndiyo nikajua kuwa tunapakana naye ukuta mwaka wa nne sasa, na sikuwahi hata kumwamkia.

Kutojuana huku kuna sababu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima; ya 2022 ikatukuta 1,889,773, na karibu nusu yetu tuko Mkoa wa Mjini Magharibi. Palipokuwa na minazi na mihogo, Fuoni, Kwarara na Tomondo, leo ni nyumba za matofali zenye kuta ndefu na mageti. Nyumba za Mji Mkongwe na za Ng'ambo, upande wa pili wa mji, zilijengwa na baraza nje, ukitoka tu unaamkiwa na unaulizwa mgonjwa wako kaamkaje. Zetu hazina baraza. Kundi la simu ndilo lililokaa pahala pake, ila barazani uso wa anayeomba ulikuwa unauona.

Marekani wana mtandao wa majirani uitwao Nextdoor, ulioanza 2011. Mtu haingii mpaka athibitishe anwani ya nyumba yake, na njia moja waliyoitumia ni kumpelekea kadi ya posta yenye namba maalumu. Kwetu barua haziji mlangoni. Lakini kina mama wanaocheza upatu wanajua dawa ya jambo hili tangu zamani: mtu haingizwi mpaka awe na mwenzake wa kumdhamini, na akikimbia, mdhamini ndiye anayeulizwa. Ninaomba makundi ya mtaa yafuate hivyo hivyo. Ombi lolote la pesa lisichangiwe mpaka majirani wawili waandike majina yao kuwa wameingia nyumba ile na wamemuona mwenye shida kwa macho yao. Pesa zipelekwe duka la dawa au hospitali, na stakabadhi ionyeshwe. Kuazimana ngazi, masufuria ya shughuli au majamvi hakuhitaji yote haya. Hayo yaachwe yaende kama yanavyokwenda.

Kuna wanaotaka masheha, viongozi wa serikali wa mitaa yetu, ndio wayasimamie makundi. Hapo ninasita. Sheha ndiye anayetoa barua ya ukaazi, kwa hiyo akiulizwa kama mtu fulani ni mkaazi wa shehia yake, atusaidie kwa hilo. Lakini sheha ni mteule wa Mkuu wa Mkoa, na kundi likionekana ni la serikali, wapo watakaojitoa, kama ambavyo likionekana ni la upinzani watajitoa wengine. Mimi nimelelewa Wete. Baada ya uchaguzi wa 1995 majirani Pemba walisusiana maziko, harusi na maduka kwa sababu ya vyama. Nilikuwa mtoto, na mpaka leo ninaliona jeneza lililopita mbele ya nyumba yetu na wanaume wamekaa barazani, hawakunyanyuka. Wale walikuwa watu wanaojuana kwa majina ya babu zao. Sisi wa nyuma ya mageti, ambao hatujuani hata kwa sura, tutasalimika vipi siasa zikiingia? Adimini anayeweka bango la chama, chochote kiwacho, avuliwe kazi hiyo siku hiyo hiyo.

Yule bibi nilimwendea kesho yake, mimi na jirani yangu mwenye keri. Alitukaribisha kwenye mkeka, akatoa chini ya mto karatasi ya vidonge iliyokwisha, vitundu vyote vitupu isipokuwa kimoja. Hicho alikuwa anakikata vipande vipande, siku hupata kipande kimoja. Tukaandika majina yetu mawili kundini, na mpaka adhana ya magharibi pesa zilikuwa zimetimia. Mwenye duka la dawa alilipwa yeye mwenyewe, na stakabadhi tuliipiga picha kila mtu akaiona.

Dawa zake zinakwisha tena tarehe 25. Majina mawili ya mwezi huu yameshapatikana, na safari hii limo la yule mama aliyeuliza mtoto ni wa nyumba gani.

Mama wa watoto watatu,
Fuoni, Unguja