Mheshimiwa Gavana, Kasumbalesa ni Moja

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,

Nakuandikia kutoka Lubumbashi, komine ya Kenya, mtaa wa mji huu. Kasumbalesa yetu, mji wa mpakani wa Kongo, iko kilomita tisini hivi kutoka hapa. Ukivuka mpaka kwa miguu, unaingia Kasumbalesa nyingine, ya Zambia. Mokambo nayo ni hivyo hivyo, huku na kule.

Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold II walikubaliana mpaka ufuate mgongo wa nchi, pale maji yanapoachana: mvua ya upande huu inaelekea Luapula na mto Kongo, ya upande ule inaelekea Kafue na Zambezi. Maji yalikuwa yanaachana tangu zamani. Walamba, watu wa kabila la hapa, hawakuachana. Waliishi pande zote mbili za mgongo ule, na bado wanaishi. Shaba ikaleta wengine, wakashuka migodini huku na kule, wakaoana. Ndiyo maana mama wa sokoni Kasumbalesa anaanza bei kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kibemba.

Dada yangu mkubwa aliolewa ng'ambo. Agosti 2024, Kongo ilipozuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, Zambia ilifunga mpaka Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Zilikuwa siku chache tu. Lakini mama yetu alikuwa mgonjwa kitandani, na dada alibaki kule na mfuko wa unga wa bukari, yaani ugali, aliomnunulia, akitupigia simu kila saa. Bia ilimhusu nini? Sipingi serikali kulinda viwanda vyetu. Naumia kwamba ugomvi wa malori ulimzuia mtu kumwona mama yake.

Mheshimiwa, najua mpaka ni jambo la Kinshasa. Ila wewe unaweza kukaa na waziri wa jimbo la Copperbelt, upande wa Zambia, mkapeleka ombi moja Kinshasa na Lusaka: mkaaji wa Kasumbalesa zote mbili, na wa Mokambo zote mbili, apewe karatasi ya kuvuka kwa miguu, na njia yake isifungwe hata malori yakisimamishwa. Bei yake ibandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kibemba, ili asiwepo wa kulipishwa mara mbili.

Mama amepona. Dada anataka kuja mwezi ujao, na kila akipiga simu anauliza kwanza kama njia iko wazi.

Kwa heshima,
Mkaaji wa Lubumbashi