Wakutubi, tuzipeleke kadi zetu mtandaoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wakutubi wenzangu wa Dodoma, Singida na Iringa, na pia na wale wanaotujazia fomu za tathmini ya kazi, kuhusu kuipeleka kazi yetu ya kuorodhesha kwenye Wikipedia.

Wiki mbili zilizopita kijana wa mwaka wa pili alikuja dawatini kwangu na karatasi yenye majina matatu: Mathias Mnyampala, M. E. Mnyampala, na Mnyampala Mathias Eugen. "Shikamoo mama. Naomba kuuliza, kati ya hawa ni yupi aliyeanzisha ngonjera?" Nikamjibu kwamba wote hao ni mtu mmoja. Hakuniamini. Alikuwa amekesha na simu yake, akapata hapa mshairi, pale hakimu, kwingine mwandishi wa historia ya Wagogo, akaona kwamba lazima ni ndugu watatu wa ukoo mmoja. Insha yake alikuwa ameshaianza hivyo.

Jambo hilo lilinichoma. Mnyampala ni wa hapa kwetu. Alizaliwa Ugogo mwaka 1917. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954, yeye akafariki 1969, na ngonjera zake zikaanza kuchapishwa kitabuni mwaka uliofuata. Kile kitabu cha 1954 kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Marekani mwaka 1995. Msomaji wa kule anaweza kumsoma kwa lugha yake, lakini mwanafunzi anayeishi Dodoma hajui kama ni mtu mmoja au watatu.

Simlaumu kijana. Kosa hilo ndilo ambalo sisi wakutubi tunalipwa kulizuia, na dawa yake tunaijua. Tuliosomea ukutubi Bagamoyo tulifundishwa kuandika kadi ya "tazama". Vijana wa kompyuta huenda hawajaiona. Ni kadi ndogo isiyo na kitabu nyuma yake, na kazi yake ni kumwelekeza msomaji aliyefika kwenye jina moja aende kwenye jina tulilolichagua, ambako kazi zote za mtu huyo zimekusanywa pamoja. Mfano ninaoupenda ni Shaaban Robert. Robert ni jina la baba yake. Kanuni za Wazungu za kutanguliza jina la mwisho zinampeleka kwenye herufi R, wakati msomaji wetu anamtafuta kwenye S. Nimepita katika maktaba ambazo vitabu vyake viligawanyika nusu kwa nusu kati ya herufi hizo mbili. Herufi yoyote ingefaa kama kungekuwa na kadi ya "tazama" kwenye ile nyingine. Kadi isipokuwepo, msomaji anasimama mbele ya rafu, anaondoka na nusu ya mtu, na anadhani amemaliza.

Sasa sogea kwenye mtandao. Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo huru, ipo tangu 2003. Mwaka 2012 ikazaliwa dada yake iitwayo Wikidata, ambako kila mtu, mahali au kitabu hupewa namba inayoanza na herufi Q, na chini ya namba hiyo huandikwa majina yote ambayo mtu huyo anajulikana kwayo, kwa lugha zote. Siku nilipouona ukurasa wa aina hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini kwa furaha, kwa sababu niliitambua kadi yangu ya "tazama"! Tofauti ni kwamba kadi niliyoiandika kwenye droo yangu ilimsaidia aliyefika chumbani kwangu tu, na hii inamsaidia aliyeko Mpwapwa, Kigoma na Ujerumani kwa wakati mmoja.

Maktaba kubwa za mataifa nazo zimeunganisha orodha zao za majina ya waandishi katika hazina moja, VIAF, yenye namba kwa kila mwandishi. Mwaka huohuo wa 2012 programu moja ya kompyuta ilipita katika Wikipedia ya Kiingereza ikabandika namba hizo kwenye kurasa zaidi ya laki mbili. Ni kazi nzuri sana. Lakini programu huunganisha kile ambacho mkutubi fulani alikwisha kukiorodhesha. Mchungaji wa Mvumi aliyeandika kijitabu cha nyimbo kwa Kigogo, kikapigwa chapa na misheni na kubaki nakala chache, programu haitamwona. Atakayemwona ni mkutubi aliyekishika kijitabu chenyewe, akafungua ukurasa wa ndani, akasoma jina kama lilivyoandikwa, mwaka na mahali pa uchapaji. Wakutubi hao ni sisi, na vijitabu hivyo vimo katika makabati yetu vikiliwa na mchwa.

Na siyo majina ya watu tu. Chukua neno Kigogo. Ni lugha, ambayo wenyewe huiita Cigogo. Ni kata ya Dar es Salaam. Na magazetini ni mtu mwenye cheo kikubwa. Chukua Chamwino: kuna wilaya, kuna kata ndani ya Jiji la Dodoma, na kuna Ikulu. Mtu asiye wa hapa akiunganisha picha au takwimu kwenye Chamwino isiyo yake, kosa hilo linanakiliwa kwenye kurasa nyingine mpaka linaonekana kweli. Mkutubi wa Dodoma huligundua kwa kutupa jicho mara moja.

Kongwa ndiyo inayoniuma zaidi. Waingereza walianzisha pale mradi wa karanga mwaka 1947, ukafa 1951. Kuanzia 1964 pakawa na kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia. Kwa mpangilio wetu wa Dewey, unaopanga vitabu rafuni kwa namba za mada, vitabu vya mambo hayo hutawanyika: karanga zinakwenda kwenye kilimo, kambi inafuata historia ya nchi za kusini, na vichache tu vinabaki 967.8 ilipo Tanzania. Mtoto wa Kongwa anayetaka kusoma habari za kwao inabidi azunguke jengo zima. Ndiyo maana mkutubi mzuri huandika vichwa vya mada, na kwenye kila kimoja cha vitabu hivyo ataweka "Kongwa". Wikipedia ina vichwa vya mada vyake, inaviita jamii. Kumwekea mtoto huyo neno Kongwa mahali panapostahili huchukua dakika tano kwa mtu anayejua kazi hii.

Najua wenzangu wengi watasema, "Lakini sisi tunawakataza wanafunzi wasiitumie Wikipedia." Nami nimewakataza miaka mingi. Wameitumia vilevile, kwa kujificha. Kinachokosekana katika kurasa nyingi za vijiji na kata zetu ni vyanzo. Ukurasa wa kata unakupa postikodi na idadi ya watu kwenye sensa, mara nyingi basi. Vyanzo vya mengine vimo kwenye karatasi, na karatasi ziko kwetu. Tangu Januari 2016 kuna kampeni ya kila mwaka ya kumwomba kila mkutubi duniani aongeze chanzo kimoja tu. Siku hizi hufanyika mara mbili, kuanzia Januari 15 na kuanzia Mei 15. Chanzo kimoja! Mtu anayeweza kuorodhesha vitabu ishirini kabla ya saa saba mchana atashindwa nini?

Tahadhari moja nawapa kwa sababu nilijikwaa hapo mwenyewe. Mara ya kwanza niliandika habari za kijiji cha mama yangu kwa kumbukumbu, jinsi bibi alivyonisimulia. Mhariri mmoja wa kujitolea akaziondoa na kuuliza chanzo. Nilikasirika siku nzima. Jioni nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe ningemfanyia hivyohivyo mwanafunzi wangu. Nikarudi rafuni, nikatafuta, nikapata sentensi mbili tu zenye kitabu nyuma yake, na hizo mbili zipo mpaka leo. Masimulizi ya bibi nimeyarekodi kwenye simu, yanasubiri mtu ayachapishe.

Kwa wanaotusimamia nina neno. Bosi wangu wa zamani, katika ofisi ambayo sitaitaja, aliwahi kukata kwa kalamu nyekundu mstari katika taarifa yangu ya wiki uliosema "nimesahihisha majina ya waandishi wanane katika Wikidata", akaandika pembeni: si kazi ya maktaba. Kama ningewaandikia kadi nane waandishi haohao na kuzifungia kwenye droo, angetia saini. Naomba saa mbili kwa wiki zitambuliwe kuwa ni kazi, ziandikwe kwenye malengo yetu ya mwaka, na bando la ofisi litumike kwa hilo. Siombi posho. Na vyuo vinavyofundisha ukutubi viwape wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kazi hii. Wakimaliza wataacha kitu kinachoonekana.

Mimi nina daftari la kurasa mia moja, nimeandika waandishi na wanamuziki wa Dodoma kwa alfabeti, na mbele ya kila mmoja majina yote niliyomkuta nayo. Marehemu Hukwe Zawose peke yake ana mistari minne, maana kwenye kanda na santuri wapo waliomwandika Hukwe Ubi, wapo waliomwandika Dokta. Nimefika herufi M na nafanya Ijumaa baada ya saa tisa.

Kwako wewe Mhariri nina ombi la mwisho. Mnapoandika tanzia ya mshairi, mwalimu mwandishi au mpiga zeze wa vijijini, tafadhali wekeni jina lake lote kama alivyoliandika mwenyewe, kijiji alichozaliwa na mwaka. Mara nyingi mnaishia na "msanii mkongwe" na umri wa kukadiria. Kwa wengi wao hakuna kitabu kilichowahi kuwataja, na kipande hicho cha gazeti lenu ndicho chanzo pekee nitakachokuwa nacho nikifika kwenye jina lao.

Mkutubi,
Area C, Dodoma