Kabla ya kumwita marehemu mzembe, tujue chupa yake ilibaki na bar ngapi

Bwana Mhariri,

Mtu akifa ziwani akipiga mbizi kwa chupa ya hewa, simu za Goma hugawanyika hata kabla mwili haujafika mochari. Upande mmoja huandika "siku yake ilifika, Mungu amlaze pema", na anayethubutu kuuliza swali huambiwa hana utu. Upande wa pili umeshakata kesi: alijifanya mjuaji, alikuwa mzembe, alitafuta. Wapo pia wa mamba muntu, yule nguva wa hadithi anayesemwa huvuta watu majini, ila hao leo ni wachache. Wanaolia na wanaolaumu hudhani wanapingana, kumbe wote wanafunga mlango uleule. Kama ni siku yake, hakuna cha kuchunguza. Kama alikuwa mjinga, mimi si mjinga, basi kifo chake hakinihusu.

Tuanze na maneno "amekufa maji". Mwaka 2008 Petar Denoble na wenzake wa DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, walichapisha uchambuzi wa vifo 947 vya wapiga mbizi wa starehe. Asilimia 70 ya vifo hivyo viliandikwa kuwa ni kufa maji. Walipofuatilia mnyororo kurudi nyuma, picha ilibadilika: pale chanzo kilipojulikana, asilimia 41 walianza kwa kuishiwa hewa, 20 kwa kunaswa, 15 kwa hitilafu ya vifaa. Kilichofuata mara nyingi kilikuwa kupanda juu kwa dharura. Na katika yale yaliyomlemaza mtu kabla hajafa, moyo ulichukua asilimia 26. Maana yake, wapo waliozikwa na sifa ya uzembe ilhali moyo ndio uliosimama wakiwa ndani ya maji. Uchambuzi usiofanywa huwaacha na sifa hiyo milele. Sioni huruma iko wapi hapo.

Chukua hilo la hewa, kwa sababu ndilo linalotukanwa zaidi. Chupa ya lita 12 iliyojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha presha; hewa tunayovuta ufukweni mwa bahari ni karibu bar 1) ina lita 2,400 za hewa. Ukiacha akiba ya bar 50, zinabaki 1,800 za kutumia. Mtu aliyetulia hupumua kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 20 presha inakaribia bar 3, kwa hiyo kila pumzi hula hewa karibu mara tatu, lita 60 kwa dakika, na hewa inamtosha nusu saa. Sasa mpe kazi: anatafuta mwili kwenye tope, haoni mkono wake, kamba imemzunguka mguu. Pumzi hufika lita 40 kwa dakika bila yeye kujua, chupa inaliwa lita 120 kwa dakika, na ile nusu saa imekuwa dakika 15. Anayeandika "hewa ya nusu saa imeishaje kwa robo saa?" anadhani ameuliza swali la kumfedhehesha marehemu, kumbe ametaja hasa kinachotakiwa kupimwa: alikuwa akifanya kazi gani, na mara ya mwisho alitazama geji, kipimo cha hewa iliyobaki, lini?

Ziwa letu pia lina hesabu zake. Kivu liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni karibu bar 0.85. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya mbizi, linaloonyesha muda wa kukaa chini bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda, linaruhusu dakika 45 kwenye mita 20, lakini hilo ni la baharini. Hapa, kwa kuwa presha ya juu ni ndogo, mita 20 huhesabiwa kama 24, unasoma mstari unaofuata wa mita 25, na unaruhusiwa dakika 29 tu. Aliyejifunza Zanzibar akihukumu mbizi ya Goma kwa jedwali la Zanzibar atakosea, iwe analaumu au anatetea. Vilevile hewa iliyo kwenye mapafu kwenye mita 10 hupanuka zaidi ya mara mbili mtu akifika juu, kwa hiyo anayepanda kwa hofu huku amebana pumzi anaweza kupasuka mapafu na hewa ikaingia kwenye damu hata kama chupa bado ina nusu. Kwa kawaida tunapanda si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Ukisikia mtu "alichomoka juu kama kizibo", usianze na kwa nini alikosa nidhamu. Anza na kilichomfanya aone juu ndiko pekee pa kukimbilia.

Majibu hayo hukaa kwenye vifaa, na hapo ndipo wenye huruma huharibu mambo bila kujua. Vifaa huoshwa, hugawanywa, hurudishwa kwa familia vikiwa vimekauka na kung'aa. Tafadhali, visioshwe. Piga picha ya geji kabla ya kugusa chochote. Unapofunga valvu ya chupa, hesabu mizunguko na uiandike: valvu iliyofunguliwa kidogo tu hupitisha hewa vizuri juu, kisha hubana pumzi chini, na sindano ya geji hurukaruka kila mtu anapovuta. Hewa iliyobaki isimwagwe wala isijaribiwe kwa mdomo. Ipimwe kama ina moshi wa injini. Kompresa (mashine ya kujazia chupa) ya petroli iliyowekwa upande ambao upepo unarudisha moshi wake hujaza sumu kwenye chupa, na kwenye mita 20 sumu hiyo hufanya kazi kwa zaidi ya mara tatu. Kwa Goma ongeza swali moja: kompresa ilisimama wapi alfajiri ile? Kwenye mabonde ya ufukweni kuna mazuku, mifuko ya gesi ya kaboni dioksidi isiyoonekana, ambayo kompresa inaweza kuivuta. (Ama gesi ya ziwa lenyewe, ambayo kila mtu hukimbilia kuitaja, nyingi iko chini ya mita 250, asikofika mpiga mbizi wa kawaida.) Saa ya mbizi isibonyezwebonyezwe, maana ndani yake kuna kina na muda wa safari nzima. Na aliyemvua marehemu mkanda wa vizito vya risasi, ule unaomsaidia mpiga mbizi kuzama, aseme kwamba ni yeye aliyeuvua, la sivyo tutaandika kwamba aliutupa mwenyewe, na hesabu yote itapinda.

Halafu kuna mwenzake aliyerudi hai. Huyu hukutwa gatini na simu kumi zikimrekodi: "ulimwachaje?" Huyo naye ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Kama alipanda haraka, maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Alazwe chali, apewe oksijeni safi, daktari aitwe, asirudishwe majini kutafuta. Akipata nafuu, aandike peke yake alichokiona, kabla hajasikia ya wengine, kwa sababu kumbukumbu za watu waliolia pamoja huchanganyika haraka. Tunamhurumia na tunalinda ushahidi kwa tendo hilohilo.

Kwa familia mambo ni mengine. Siku za kilio, geji na mizunguko ya valvu si maneno ya kupeleka uani kwao. Wapelekewe sukari, unga na watu wa kukaa nao. Maswali yaende kwa waliokuwa kwenye boti, waliojaza chupa na waliotoa amri ya kushuka. Familia ikitaka kujua, ijulishwe kabla ya mji, na ijulishwe yale yaliyothibitika tu. Wanaochunguza ajali za ndege wana kanuni nzuri, Kiambatisho cha 13 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, kugawa lawama si kazi yake. Lawama ina mahali pake, mahakamani.

Boti ya abiria Merdi ilipozama karibu na Kituku, bandari ya hapa Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, video ilifika mbali kuliko maelezo yoyote ya uzito wa mizigo au idadi ya jaketi. Kwa mbizi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu chini ya maji hakuna aliyerekodi.

Kwa hiyo ombi letu kwa gazeti lako ni dogo. Ajali ikitokea, jina na picha zisubiri ruhusa ya wenye msiba. Lakini chapeni kina, muda aliokaa chini, bar zilizobaki, aina ya kazi na mwinuko wa ziwa. Kama havijatolewa, andikeni kwamba havijatolewa na ni nani anavyo. Kisha mrudi kwenye habari hiyo baada ya mwezi.

Mpiga mbizi na mwalimu wa uokoaji majini,
Goma, Kivu Kaskazini