Ritifaa ya "children's" inakaa wapi?

Mhariri,

"Childrens' Ward." "Womens' Group." Maandishi ya namna hii yapo kwenye milango ya wodi na mabango ya vikundi, na kosa ni lile lile: ritifaa, alama tuliyoizoea kwenye ng'ombe, imerukia nyuma ya s.

Kosa linatokana na kanuni tunayoikariri nusu: mwenye mali akiwa mmoja, ritifaa kabla ya s, wakiwa wengi, baada yake. Kwa "teachers'" ni sawa, maana wingi wake una s tayari. "Children" na "women" zimekwisha kuwa wingi bila s. Hakuna neno "childrens" wala "womens".

Andika kwanza wingi peke yake, kisha tazama herufi ya mwisho. Ni s? Ongeza ritifaa tu. Si s? Ongeza ritifaa, kisha s: "men's", "geese's", "oxen's". Usiulize kama wingi huo ni wa kawaida au la, hapo ndipo wanafunzi hunaswa. "Wives" na "thieves" zimegeuza f kuwa v, lakini zinaishia na s, basi ni "wives'" na "thieves'".

Kiswahili nacho kinatuzoesha kutazama kwingine. Tunasema chumba cha watoto, vyumba vya watoto; "cha" imefuata chumba. Kiingereza hakijali vyumba ni vingapi, kinamtazama mwenyewe tu: "children's room", "children's rooms".

Msumbufu hasa ni "sheep", umoja na wingi sawa. "The sheep's food" ni chakula cha kondoo mmoja au kumi? Taja idadi: "the ten sheep's food".

Ila msikimbilie kusahihisha kila mnachokiona. Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha huitwa "African Court on Human and Peoples' Rights", na haikukosewa. "Peoples" hapo ni jamii nyingi, kila moja ikiwa "people", kama zilivyotajwa katika Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981. Mwaka 1964 Zanzibar iliitwa "People's Republic of Zanzibar and Pemba": umma mmoja, ritifaa kabla ya s.

Wenye kuagiza mabango, mwandikieni fundi neno zima kwenye karatasi, na ritifaa yake. Yeye huchora alichopewa.

Mwalimu wa lugha,
Arusha